Binti wa Chikongola aliyekata nywele na kuchangisha pesa za watoto wenye saratani: hizo nywele zinakwenda wapi?

#1 KoroshoGhafi (mleta mada)
Wakuu, salaam.

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya Mtwara tangu Ijumaa. Binti mdogo, kwa kumtazama ni darasa la pili au la tatu, nywele zimeshuka mpaka katikati ya mgongo. Kakalishwa saluni juu ya ndoo iliyogeuzwa ili afikie kioo. Fundi anamgawa nywele mikia minne, anafunga raba, anakata. Mtoto halii, anacheka tu na kujishika kisogo. Mama pembeni anaeleza kwamba nywele zitatengenezewa wigi la mtoto anayeumwa saratani, na kwamba binti mwenyewe kaomba watu wamchangie, pesa ziende kwa familia za huku Kusini zenye watoto waliolazwa Muhimbili. Mwisho inatokea namba ya simu.

Sina ugomvi na mtoto, Mungu amkuze. Ila anayejua anieleze: hapa Tanzania nani anatengeneza hayo mawigi ya watoto? Na wigi la nini, nchi ambayo shule za msingi za serikali wote wananyolewa, wa kike kwa wa kiume? Mtoto mgonjwa akikaa katikati ya wenzake darasani huwezi hata kumtambua. Mimi naona nywele hapa ni chambo tu, samaki ni ile namba ya simu.

#2 Kashata
Nimekaa hapa. Kahawa iko wapi?

#3 Mama Pili wa Ligula
Nimeshatuma elfu mbili tangu juzi halafu wewe leo ndiyo unaleta maswali. Mkuu, ulikuwa wapi?

#4 Winga wa Soko Kuu
Hapa hakuna fumbo. Yule binti anasoma shule ya binafsi, zile za kuruhusu kusuka, na nimesikia Januari anahamia ya serikali. Kule hata ukienda na nywele za malaika, mwalimu wa zamu anakusubiri getini na mkasi. Mama kaona badala ya kukatwa bure, zikatwe mbele ya kamera. Mbona rahisi.

#5 Jirani wa Pili
Mimi nakaa mtaa huohuo, nitasema kwa kiasi. Mtoto yule alizaliwa njiti, akakaa hospitali siku nyingi, watu walishakata tamaa. Bibi yake akaweka nadhiri: akipona, baada ya nywele za akika mkasi hautamgusa tena mpaka aanze kusoma vizuri, na siku zikikatwa zitolewe sadaka. Habari za kuhama shule mimi sina. Na bibi yake si mtu wa mitandao, hata simu anayo ya tochi.

#6 Winga wa Soko Kuu
#5 Sasa nadhiri ya bibi imeingiaje kwenye M-Pesa?

#7 Jirani wa Pili
#6 Kamuulize mwenyewe, anauza vitumbua asubuhi pale pale. Nenda na adabu tu.

#8 Dada wa Kitana
Jamani mimi ni fundi wa nywele, nina saluni yangu, si hiyo ya kwenye video. Nimeitazama mara mbili na kuna kitu kimenikera.

Nywele za kutengenezea wigi hazikatwi ovyo. Zinafungwa raba juu karibu na ngozi, halafu raba nyingine chini, ndiyo unakata juu ya ile raba ya kwanza. Sababu ni kwamba unywele una magamba madogo yanayoelekea nchani. Ukizichanganya, shina huku ncha kule, wigi linajisokota likawa fundo ndani ya wiki. Ndiyo maana zile za kufagia sakafuni hazifai hata ziwe ndefu vipi. Hilo fundi kalifanya vizuri, raba mbili kila mkia, nampa maksi.

Sasa angalieni mwanzoni kabla hajafunga. Kashika chupa ya maji anapuliza kichwa kizima. Nywele zikikatwa mbichi ukazitia kwenye bahasha zinapata ukungu, zinatupwa. Mtu aliyeelekezwa na wenye shughuli zao asingezilowesha. Kwa hiyo ama fundi alisahau kwa kuzoea, ama hakuna aliyemwelekeza kwa sababu hakuna zinakokwenda.

#9 KoroshoGhafi
#8 Umeona! Ushahidi huo hapo.

#10 Mama Pili wa Ligula
#9 Ushahidi wa nini? Kwani haziwezi kuanikwa? Sisi huku jua la bure.

#11 Dada wa Kitana
#10 Zinaanikika, dada. Zikipata upepo kivulini siku mbili kabla ya kufungwa hazina neno. Nimesema limenikera, sijasema ni wezi.

#12 Mmakua wa Leicester
Habari za nyumbani. Mimi mzaliwa wa Masasi, niko Uingereza miaka sasa. Huku jambo hili ni la kawaida kabisa, labda ndiyo maana mnalishangaa. Kuna taasisi inaitwa Little Princess Trust, ilianzishwa mwaka 2006 na wazazi waliofiwa na binti yao kwa saratani. Mtoto akishafuga nywele anatangaza shuleni na kwa majirani kwamba siku fulani anazikata, kila mmoja anaahidi pauni mbili, tano, kumi. Nywele zinakwenda kwa posta, pesa zinapita kwenye tovuti kama JustGiving ambapo kila mtu anaona kiasi kilichofika.

Vitu viwili hivi vinakwenda pamoja kwa sababu nywele peke yake hazitoshi. Wigi moja linakula mikia ya watoto kadhaa, mafundi wanazifunga kwa mkono kidogo kidogo kwenye wavu kwa sindano yenye ndoano. Kwa miaka mingi taasisi hiyo ilikuwa inataja pauni 550 kama gharama ya wigi moja mpaka limkae mtoto kichwani. Mtoto anayelipokea halipi chochote. Kwa hiyo kuchangisha si utapeli, ndivyo shughuli yenyewe ilivyo. Nadhani huyo mama ana ndugu huku au kaona mtandaoni akaiga.

#13 Bodaboda wa Mikindani
#12 Marekani wanazo pia. Ndugu yangu alikuwa anaita Locks of Love, ilianza miaka ya themanini.

#14 Mmakua wa Leicester
#13 Locks of Love ni ya 1997. Ya miaka ya themanini ni Wigs for Kids, 1981. Zote mbili za Marekani.

#15 KoroshoGhafi
#12 Ahsante kwa elimu, lakini hujajibu. Hao watoto wanaovalishwa na hiyo taasisi ni wa wapi?

#16 Mmakua wa Leicester
#15 Wa Uingereza na Ireland. Hapo sikatai, zikifika huku zinavaliwa na watoto wa huku.

Na kuna la kuongezea. Muda mrefu hawakuwa wakipokea nywele zetu hizi za kipilipili, walisema zinakatika kwenye mashine na mafundi wao hawakuwa na njia ya kuzifunga. Mwaka 2021 ndipo walipopata namna, baada ya familia moja yenye asili ya Afrika kuwasumbua kwa swali hilohilo. Kwa hiyo mtoto mweusi aliyeugua huku kabla ya hapo alipewa wigi la nywele za kulala. Sasa huyo binti wa Chikongola nywele zake za aina gani? Nyingine zinapimwa zikiwa zimevutwa, maana ukiziachia zinarudi nusu.

#17 Jirani wa Pili
#16 Nywele za kulala. Upande wa baba wana damu ya Kishihiri, Waarabu wale.

#18 Kashata
Kumbe! Basi na wa kuchangia tuchangie kwa wepesi, nywele zenyewe hazikuwa na kazi ya kuchana.

#19 Msumari wa Moto
Nyie mnabishania mawigi, mimi shangazi yangu alipigwa mionzi Ocean Road akanyonyoka kichwa kizima, hata nyusi. Alikuwa anajifungia ndani. Mtu asiyeyaona hayo asidharau wigi. Na watoto wako palepale Ocean Road wodi ya pili, nendeni mkaone.

#20 Nesi Mstaafu
Nimesoma kimya mpaka #19 imenitoa. Kijana wangu, pole kwa shangazi, ila tuweke sawa mambo mawili.

La kwanza, kinachonyonyoa kichwa kizima kwa kawaida ni zile dawa za dripu, kemo. Dawa inafuata chembe zinazogawanyika haraka, na mashina ya nywele ni miongoni mwake, ndiyo maana mgonjwa anapata pia vidonda mdomoni na damu inapungua. Nywele zinaanza kudondoka wiki ya pili au ya tatu tangu dozi ya kwanza, unazikuta kwenye mto asubuhi. Mionzi inanyonyoa pale inapoelekezwa tu. Kina mama wengi wanaopigwa mionzi ya shingo ya kizazi wanarudi nyumbani na nywele zao. Shangazi alipata vyote viwili bila shaka. Na si kila dawa ya kemo inanyonyoa, zipo zinazopunguza tu.

La pili, watoto hawalazwi tena Ocean Road. Huduma yao ilihamia Muhimbili mwaka 2011. Ocean Road wanapelekwa wakihitaji mionzi kisha wanarudishwa.

Nywele zinarudi, miezi michache baada ya dawa kwisha, na mara nyingi zinaanza laini kama za mtoto mchanga. Kwa hiyo wigi ni la kipindi. Mimi kama ni kuchagua nisingeanza na wigi. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani wanapona, na kwenye nchi maskini hawafiki asilimia 30. Tofauti hiyo hailetwi na nywele. Inaletwa na kuchelewa. Taya la mtoto linavimba, anang'olewa jino, anapelekwa kwa mganga, anachanjwa, miezi inakwenda. Kumbe ni Burkitt, aina ya saratani ambayo ikiwahiwa inatibika kwa dawa vizuri sana. Au mzazi anapiga picha usiku kwa simu, mboni ya jicho moja inatokea nyeupe badala ya nyekundu, anadhani simu mbovu. Tumbo gumu upande mmoja unapomwogesha. Uvimbe usiouma shingoni. Hayo yasambazwe kwenye hayo magrupu.

#21 Mama Pili wa Ligula
Nesi Mungu akuweke. Nimenakili nimetuma kwenye grupu la darasa la mwanangu.

#22 Baba wa Tandahimba
Shikamoo Nesi. Wengine habari za saa hizi.

Uzi huu nimetumiwa na shemeji. Mwanangu ni miongoni mwa hao wa taya. Zahanati moja walitupa dawa za jino mpaka zikaisha, tukaenda kwa mzee mmoja akatuchanja, hali ikawa mbaya, ndipo daktari mmoja wa Ndanda alipomtazama mdomoni na kusema leo hii hii mwende Dar. Ilikuwa mapema mwaka 2024.

Nataka niseme jambo watu hawalijui. Pale Muhimbili matibabu ya saratani kwa mtoto hayalipiwi. Serikali inatoa, na kuna taasisi ya Tumaini la Maisha inatoa dawa, chakula, sehemu ya mzazi kulala. Hakuna aliyenidai hata senti. Kilichonimaliza ni huku nyuma. Dawa zinakwenda kwa mizunguko, unapumzishwa, unarudi. Kila kurudi nauli ya watu wawili, na mtoto hana nguvu ya kukaa kwenye basi la kubanana. Mei ile kimbunga Hidaya kikaja, barabara ikakatika Somanga, magari yakalala foleni huku na huku. Tulikuwa tunapaswa kuwa wodini. Niliogopa siku zile kuliko siku ya kuambiwa jina la ugonjwa.

Halafu kipindi cha salfa kikanikuta Dar. Mwenye mikorosho anaelewa. Usipopuliza maua yanashikwa na ubwiri unga, yanakauka. Mwaka ule bei imepanda kilo kupita elfu nne mnadani, wenzangu wanapaua nyumba, mimi naokota kindoo.

Kuhusu nywele. Mwanangu hakuzilia hata siku moja, maana wodi nzima vichwa vinang'aa, yeye alishangaa watu wazima wenye nywele. Aliporudi kijijini wenzake wakamzunguka wakamuuliza ametoka likumbi gani, yaani kambi gani ya jando, na mbona katoka kabla ya likizo. Akawaambia ametoka kubwa kuliko lao. Mpaka leo wanamwita mwenye likumbi la Dar. Kofia ya kufuma aliyopewa na dada mmoja asiyemfahamu hakuivua mpaka ikatoboka.

Ila kitanda cha jirani kulikuwa na binti wa Nachingwea, mkubwa kidogo, umri wa kuvunja ungo. Yule zilipotoka hakutaka kutoka nje hata kuota jua. Mama yake alimfunga kanga, anaivuta mpaka machoni. Siku moja walikuja watu na mawigi ya dukani, akavaa, akajitazama kwenye simu ya mama yake, akavua. Akasema linawasha na si lake. Kwa hiyo sijui niseme wigi linafaa au halifai. Nauli ingefaa.

#23 KoroshoGhafi
#22 Pole mzee, na hongera kwa kijana. Hiyo ndiyo hoja yangu hasa. Nauli.

#24 Winga wa Soko Kuu
#23 Mkuu hoja yako ilikuwa chambo na samaki, usihame meli.

#25 Kashata
#22 "Kubwa kuliko lao" nimecheka mpaka mteja kanishangaa. Mpeni salamu Bwana Likumbi.

#26 Bibie wa Ng'ambo ya Bandari
Kuna kitu wanaume mnakiruka. Mnasema shule zote kipara kwa hiyo haionekani. Kipara cha mkasi kina kivuli cha nywele, cha dawa kinang'aa na hakina nyusi wala kope. Watoto wanajua. Na wanangu mimi wanavaa ushungi shuleni, kichwa hakionekani, lakini ushungi haufuniki nyusi. Mpwa wangu aliulizwa na mwenzake kama ameungua. Alirudi akaniomba wanja.

#27 Mwana wa Kilwa
Assalaam alaykum. Naomba tuingize na upande wa dini maana wengi humu ni Waislamu. Iko hadithi ya Asmaa binti Abubakar, ndani ya Bukhari na Muslim. Mwanamke alimwendea Mtume (s.a.w.) akasema binti yake aliugua surua nywele zikanyonyoka, na ameshamwoza, je amuungie nywele? Akajibiwa kwamba amelaaniwa mwenye kuunga na mwenye kuungwa. Tazameni, ni mgonjwa, nywele zimetoka kwa maradhi, na bado. Kwa hiyo nia njema ya mtoto haihalalishi. Achange pesa, nywele azifukie.

#28 Mwanafunzi wa Lindi
#27 Waalaykum salaam ustadhi. Kwa heshima, hadithi ni sahihi lakini hukumu ina mjadala. Arfaja bin As'ad alikatika pua vitani, akatengeneza ya fedha ikanuka, Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu, na dhahabu kwa mwanamume ni haramu. Ipo kwa Abu Daud na Tirmidhi. Wanazuoni wa sasa wapo waliojengea hapo: kuondoa aibu ya maradhi si sawa na kujipamba na kudanganya. Yule wa Asmaa alikuwa anapelekwa kwa mume. Huyu ni mtoto wa miaka minane kalamu haijamfikia, yaani bado haandikiwi dhambi.

#29 Mwana wa Kilwa
#28 Wapo waliosema hivyo, na wengi walibaki na dhahiri ya hadithi. Pua haina mbadala, kichwa kina kilemba.

#30 Mwanafunzi wa Lindi
#29 Kilemba umekiona kwenye #26 kilivyoshindwa.

#31 Jirani wa Pili
Mbona mnasahau akika? Bibi wa mtoto ndivyo anavyoieleza. Siku ya saba mtoto ananyolewa, nywele zinapimwa, uzito wake unatolewa sadaka ya fedha, kama Bi Fatma alivyofanya kwa Hassan. Kwake huyu mjukuu alinyolewa hospitali haraka haraka na hakuna aliyepima. Ndiyo anasema deni lilibaki.

#32 Bodaboda wa Mikindani
Sasa tupige hesabu. Mikia minne tuseme gramu mia. Kwa bei ya korosho ghafi ya #22, hiyo ni shilingi mia nne. Mama Pili umezidisha sadaka mara tano.

#33 Mama Pili wa Ligula
#32 😂 Nirudishiwe chenji.

#34 Mwana wa Kilwa
#32 Fedha, si korosho. Acheni utani kwenye mambo ya ibada.

#35 Mtu wa Msijute
Mimi naongea lisilosemwa. Nywele za mtoto unampa mtu usiyemjua? Wazee wetu wananyoa, wanakusanya, wanafukia chini ya mti wanaoujua wao. Nyie mnazitia kwenye bahasha na jina la mtoto juu. Mimi mwanangu hata kucha sitoi.

#36 Winga wa Soko Kuu
#35 Na saluni unapokwenda kunyoa unaondoka na za kwako kwenye rambo?

#37 Mtu wa Msijute
#36 Ndiyo. Kwa nini unauliza?

#38 Kashata
Uzi umefika patamu.

#39 Dada wa Kitana
#35 Mzee, wateja wa hivyo ninao wengi na siwacheki, nawafungia kwenye karatasi. Lakini hawahawa wananunua nywele za binadamu dukani bila kuuliza za nani. Sehemu kubwa inatoka India, watu wanakwenda hekalu la Tirumala kunyoa kwa nadhiri, hekalu linazipiga mnada, zinasafishwa, zinaishia kichwani kwa bibi harusi wa Mtwara. Nadhiri ya mtu mwingine hiyo. Na ilishatozwa kodi juu yake, bajeti ya 2020 kama sikosei, asilimia 25.

#40 Mhasibu Asiyelala
#39 Ni bajeti ya Juni 2019, Waziri Mpango. Asilimia 25 kwa mawigi yanayoingizwa, 10 kwa yanayotengenezwa ndani. Nakumbuka kwa sababu mke wangu aliifuatilia hotuba kuliko mimi.

Nikiwa hapo hapo, tuzungumze pesa, maana tumezunguka sana. Nilijaribu kutuma shilingi mia tano ili nione jina. Linatokea jina la mwanamke, si kikundi, si taasisi. Kisheria si kosa mtu kuchangiwa, harusi tunachangia kila wiki. Lakini ukisema "kwa watoto wa Kusini walioko Muhimbili", watoto gani? Nani kawachagua? Kiasi gani kimeingia? Ningetaka kuona taarifa ya muamala na majina matatu ya watu wazima wanaotia sahihi.

#41 Binamu wa Upande wa Mama
Nilikuwa sitaki kuandika. Mimi ni ndugu. Saluni haijalipwa na haijalipa mtu. Dada yangu kweli ana rafiki Uingereza aliyempa wazo. Bibi kweli ana nadhiri yake. Na shule kweli anahama, hivyo nyote mmepatia nusu nusu. Ila aliyesema kwanza ni mtoto. Aliona picha ya mtoto mwenzake wa madrasa alivyorudi kutoka Dar, akauliza nywele zinauzwa wapi. Pesa iliyoingia mpaka jana inapita laki nane, iko kwenye simu, haijaguswa. Nywele ziko kabatini kwa bibi ndani ya mfuko wa khaki.

#42 KoroshoGhafi
#41 Kwa hiyo nywele haziendi popote.

#43 Binamu wa Upande wa Mama
#42 Zinasubiri mtu anayesafiri. Tulidhani kuna pa kupeleka Dar. Hatujapata.

#44 Winga wa Soko Kuu
#41 Kwenye grupu letu wamesema milioni na laki mbili.

#45 Binamu wa Upande wa Mama
#44 Grupu lenu lina mtaji kuliko sisi.

#46 Mhasibu Asiyelala
#41 Asante kwa kujitokeza. Laki nane kwenye simu ya mtu mmoja ni vishawishi, si kwake tu, kwa yeyote. Fungueni akaunti ya kikundi. Na ile video ifutwe au uso wa mtoto uzibwe. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mtoto ana ulinzi wake humo. Yule mwenzake wa madrasa pia, msije mkamtaja.

#47 Bibie wa Ng'ambo ya Bandari
#46 Mzazi ndiye aliyeridhia na ndiye aliyeweka. Ukimziba uso nani atachanga? Watu wanachangia tabasamu.

#48 Mhasibu Asiyelala
#47 Hapo ndipo ninapopata shida.

#49 Nesi Mstaafu
#43 Binti, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitali ya mkoa. Wao ndio wanaojua nani ana rufaa ya kwenda Muhimbili na nani kashindwa nauli karudi nyumbani. Hao wa pili ndio wa kutafutwa, maana aliyeacha dawa katikati ugonjwa unarudi mgumu. Msigawe taslimu. Mkate tiketi.

#50 Baba wa Tandahimba
Naunga mkono tiketi. Na kama inawezekana siti za mbele, mtoto akitapika pawe na dirisha.

#51 Mtu wa Msijute
Nywele mrudishieni bibi azifukie, mambo yaishe.

#52 Mmakua wa Leicester
#51 Mzee, ziko kwa bibi tayari. Mimi nakuja Desemba, naweza kuzibeba kama zimekaushwa. Ila mjue zitavaliwa na mtoto wa huku.

#53 Mama Pili wa Ligula
#52 Mtoto ni mtoto. Bebeni.

#54 KoroshoGhafi
#53 Halafu watoto wa Newala wavae nini?

#55 Kashata
#54 Kofia ya kufuma. Nani humu anajua kufuma?

#56 Dada wa Kitana
#55 Mimi najua. Uzi uko wapi kwa bei nzuri? Wa pale stendi umepanda.

#57 Bodaboda wa Mikindani
#56 Lindi mjini, duka linatazamana na soko. Nikienda Jumanne kupeleka ming'oko ya mtu nakuletea, nitumie rangi. Na Binamu, ile namba ni ya mtandao gani? Nina elfu tano, sitaki makato ya kuvuka mtandao yaile.